Fomu Iliyotaka Tuambiane Ukweli

Nilipoajiriwa, katikati ya miaka ya tisini, tathmini ya mtumishi wa serikali ilikuwa siri. Mkuu wa idara alijaza fomu mara moja kwa mwaka, akaitia kwenye bahasha, bahasha ikagongwa muhuri wa SIRI na kuteremka masijala ya siri, kwenye faili ambalo mwenyewe haruhusiwi hata kulishika. Mtu aliweza kufanya kazi miaka kumi asijue bosi wake anamwonaje. Alisoma dalili tu: ameachwa kwenye orodha ya semina, wenzake wa tange moja, yaani wa ukongwe sawa kazini, wamepanda daraja yeye kabaki, salamu za kwenye korido zimekuwa fupi. Sisi maafisa utumishi ndio tuliokuwa tunajua, na sitasema uongo, kujua huko kulitupa kiburi.

Nimestaafu sasa. Nimetumikia mkoani, kisha wizarani (wizara ipi, hiyo tuiache), na karibu kila mageuzi yaliyoletwa katika utumishi wa umma wa Tanzania kwa muda huo yalipita mezani kwangu yakiwa waraka. Kazi yangu ilikuwa kuutolea nakala, kuugawa kwa wakuu wa idara, kuitisha kikao cha kuueleza, halafu kukaa na kuangalia watu wanaufanyaje. Hapo pa mwisho ndipo ninapotaka kupasemea, maana ripoti nyingi nilizosoma kuhusu mageuzi haya ziliishia kwenye kikao.

Mageuzi ya kwanza niliyoyakuta yalikuwa ya kupunguza watu. Programu ya kurekebisha utumishi wa serikali ilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, hazina ikiwa hoi na wafadhili wakitaka mshahara wa serikali upungue, na makumi ya maelfu ya watumishi wakaondolewa kazini ndani ya miaka michache. Niliingia vumbi halijatulia. Waliobaki walikuwa na somo lao ambalo hakuna semina iliyowafundisha. Waliamini kwamba waliopunguzwa hawakuwa wavivu peke yao. Wengine walikuwa hodari, ila hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Kwa hiyo usijitokeze sana, usikosane na mtu, na ujue nani ni nani. Kila mageuzi yaliyofuata yaliikuta tabia hiyo imeshavuta kiti na kukaa.

Kisha ikaja lugha mpya. Sera ya Menejimenti na Ajira katika Utumishi wa Umma ya 1999, programu kubwa ya mabadiliko iliyoanza 2000, Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 8 ya 2002: zote zilizungumzia sifa, ushindani na matokeo. Mwaka 2004 ukaja Waraka wa Utumishi Namba 2, ukaizika ile bahasha ya siri. Badala yake tukapewa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi. Ofisini hakuna aliyeuita hivyo. Ilikuwa OPRAS, kifupi cha jina lake la Kiingereza, basi, na hata wahudumu wa ofisi waliitamka OPRAS.

Kwenye karatasi ulikuwa mfumo mzuri, na naamini hivyo hadi leo. Julai, mwaka wa fedha unapoanza, mtumishi na msimamizi wake wanakaa pamoja na kukubaliana malengo, shabaha, vigezo, na rasilimali atakazopewa kuyatimiza. Desemba wanapitia walipofikia. Juni wanapima: kila mmoja anatoa alama yake kuanzia 1, ambayo ndiyo bora kabisa, hadi 5, kisha wanajadiliana mpaka wapate alama moja. Fomu ilikuwa na nafasi ya mtu wa tatu wa kushuhudia kama yupo. Wote wanasaini.

Sasa chukua fomu hiyo uiweke kati ya watu wawili. Msimamizi ana miaka thelathini na kidogo, ana shahada ya pili, amehamia kitengo juzi. Anayepimwa ni dereva wa miaka hamsini na nne. Kila asubuhi msimamizi anamwamkia shikamoo, mzee anaitikia marahaba bosi, wote wawili wanacheka. Mzee ndiye aliyemfikisha kwao usiku ule alipofiwa na baba, akalala ndani ya gari mpaka mazishi. Na mwezi ujao wana safari ya kikazi ya pamoja, huko ambako dereva akiamua, gari linaweza kupata pancha mahali ambapo bosi hataki kabisa lipate pancha. Mwambie kijana huyo aandike 4, aeleze kwa nini, mzee asome mbele yake, asaini.

Aliandika 2. Karibu kila mtu alipewa 2. Alama ya 1 iliibua maswali na husuda, 3 ilipokewa kama tusi, 4 na 5 zilidai maelezo, kikao, shahidi, na malalamiko ambayo yangeishia mezani kwangu. Alama ya 2 haikumuudhi mtu. Nilikuwa napokea fomu za idara nzima, nikizifungua najua ndani kuna nini kabla sijasoma jina.

Juni ndiyo ilikuwa na vituko vyake. Makubaliano ya Julai yaliandikwa Juni, mapitio ya Desemba yaliandikwa Juni, tathmini ya Juni nayo Juni hiyo hiyo, tarehe tatu tofauti kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Watu walikuwa wanapita mlangoni: "Mama, naomba ile ya mwaka jana niione walivyoandika malengo." Wananakili. Mwenzetu mmoja alinakili fomu ya mtu wa idara nyingine bila kuisoma, na yeye, mtunza bohari, akajikuta ameahidi kuandaa rasimu ya sera. Msimamizi wake akasaini kwamba ametekeleza.

Nimesikia wakufunzi wengi wakiyaeleza haya kwa neno moja, uvivu, au kwa maneno mawili, utamaduni mbaya. Sikubaliani nao. Siri ya zamani ilikuwa na ubaya wake wote, na ilimdhulumu mtu kimyakimya, lakini walioibuni walijua kitu ambacho walioifuta walikisahau: watu wanaochangiana misiba na harusi, wanaokopeshana nauli tarehe 20 mshahara haujatoka, hawawezi kukalishwa mara moja kwa mwaka wapeane namba uso kwa uso kisha warudi kunywa chai pamoja. Ukiwalazimisha, watakupa namba isiyoumiza. Kutoelewa hakukuwepo. Mfumo waliuelewa barabara, wakaupima, wakaona gharama ya kusema kweli inalipwa na wao na faida haijulikani inakwenda kwa nani.

Na kweli faida haikuwepo. Hili ndilo linaloniuma mimi wa utumishi. Kupanda daraja kulitegemea miaka yako kwenye daraja ulilopo, muundo wa utumishi wa kada yako, nafasi kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), na bajeti ya mishahara. Fomu ilitakiwa iwepo. Ikikosekana, jina lako linarudishwa. Lakini aliyepata 1 na aliyepata 3, kama wote wana miaka na nafasi ipo, walipanda siku moja kwa barua zinazofanana hadi nukta. Fomu ikawa kiambatanisho. Mtumishi mwenye akili timamu akaitendea kama kiambatanisho.

Niliona mtu mmoja tu akiichukulia kwa dhati kabisa. Mama mmoja, mkuu wa kitengo, mhandisi kwa taaluma, mkali lakini haonei. Julai yake ya kwanza aliwaita watu wake mmoja mmoja, mlango umefungwa, saa nzima kila mtu. Wakaandika malengo ya kweli. Mpima akaandika atapima maeneo kadhaa wilayani, na kwenye safu ya rasilimali wakaandika gari, mafuta, posho ya siku za kujikimu. Fundi sanifu akaandika kompyuta. Ilipofika Desemba mama akawaita tena. Mpima alikuwa hajaenda popote, kwa sababu fedha za matumizi mengineyo, OC kama tunavyoziita, zilikuja robo ya zilizoombwa na zikaishia kwenye umeme na viburudisho vya vikao. Fundi hana kompyuta. Mama akaandika hivyo hivyo: mtumishi hakuwezeshwa. Aliandika kwa kila mtu, akasaini, akaleta kwangu.

Fomu zile zilileta mtafaruku. Ngazi ya juu waliuliza anamaanisha nini, anamshtaki nani. Alijibu kwamba amejaza sehemu inayouliza mambo yaliyokwamisha utekelezaji. Hakuadhibiwa, ila kwenye kikao cha menejimenti aliambiwa, kwa upole wa kiofisi ule unaoujua, kwamba changamoto za kibajeti zinafahamika na si lazima zirudiwe kwa kila mtumishi. Mwaka uliofuata alifanya tena, kwa maneno laini zaidi. Wa tatu akagawa 2 kama sisi wengine. Kumbe uwazi ulikuwa umefunguliwa upande mmoja: bosi amwone wa chini yake. Fomu ilipogeuka ikaanza kumwonyesha mwajiri, ghafla ikawa na maneno mengi mno.

Mawakala nitayapita haraka. Sheria ya Wakala za Serikali ya 1997 ilifuata mfano wa Uingereza, ambako mwaka 1988 waliamua kazi za utekelezaji zitoke wizarani ziende kwa taasisi zenye mtendaji mkuu wake na malengo yake. Huku kwetu TANROADS, wakala wa barabara, ilizaliwa 2000 kwa utaratibu huo. Watu waliohamia wakala walibadilika kweli, mavazi, kasi, hata namna ya kupokea simu, na sababu kubwa sidhani kama ilikuwa semina. Mtendaji alikuwa na fungu lake na uamuzi wake. Tuliobaki wizarani tulipata Mkataba wa Huduma kwa Mteja, ukawekwa kwenye fremu pale mapokezi, ukiahidi barua kujibiwa ndani ya siku kadhaa. Mwananchi mmoja aliwahi kuusoma kwa sauti mbele ya kaunta, kifungu kwa kifungu, mpaka akahudumiwa. Sijui mwingine aliyeutumia.

Halafu ukaja mwisho wa 2015. Rais Magufuli, siku ya kwanza baada ya kuapishwa, alitoka Ikulu kwa miguu akaenda Wizara ya Fedha, akakuta viti vitupu. Habari ile ilifika kila ofisi kabla ya saa ya chakula. Kesho yake saa 1:30 asubuhi kila mtu alikuwa mezani, wengine hata sikuwa najua wana meza. Sitabeza hilo. Wananchi waliokuwa wanazungushwa walihudumiwa, na nidhamu ya mahudhurio iliyokuja wakati ule haikuisha yote.

Lakini woga una tabia yake, na tabia hiyo unaiona kwenye faili. Zamani afisa akiandika dokezo alieleza suala, akataja kanuni, akamalizia kwa ushauri wake: nashauri ombi likubaliwe, au likataliwe kwa sababu hizi. Katika miaka ile madokezo yakaanza kumalizika kwa kuomba mwongozo. Afisa anaomba mwongozo kwa mkuu wa idara, mkuu wa idara anaomba kwa mkurugenzi, faili linapanda hadi kwa Katibu Mkuu likiwa limebeba saini sita na halina ushauri hata mmoja. Likizo bila malipo ya mtu wa kawaida, jambo ambalo Kanuni za Kudumu zimeshalisema, lilipanda ghorofa zote. Mtu akitumbuliwa hadharani kwa uamuzi aliofanya, wenzake wanajifunza kutokufanya uamuzi, na hakuna aliyewahi kutumbuliwa kwa kuomba mwongozo.

Uhakiki wa vyeti ndio uliogusa mfupa. Aprili 2017 ilitangazwa Dodoma kwamba watumishi 9,932 wana vyeti vya kughushi. Wengi walistahili kuondoka, tusidanganyane. Ila katika zoezi hilo hilo waliondolewa pia watu wa darasa la saba, madereva, wahudumu, makarani, ambao hawakughushi chochote. Hawakuwa na cheti cha kidato cha nne tu, na walipoajiriwa hawakudaiwa. Mwaka 2018 serikali ikaagiza walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe. Kwetu aliondoka mama wa masijala. Mama huyu hakuwa na kompyuta wala hakuihitaji. Ukimwuliza faili la kiwanja cha ofisi ya wilaya fulani, alikuwa anakuambia liko kwa nani, tangu lini, na kwa nini halirudishwi. Miezi aliyokuwa nje tulipoteza mafaili ambayo hayakuwa yamepotea. Yalikuwa yamekosa mtu wa kuyajua. Aliporudi alikuwa amebadilika. Alifanya alichoandikiwa, akafunga droo saa 9:30 alasiri, akaenda kwake. Sikuwa na mdomo wa kumlaumu.

Katika kipindi hicho hicho kupanda madaraja kulisimamishwa, nyongeza ya mwaka nayo ikakaa miaka bila kuonekana. Baadaye, chini ya Rais Samia, ikaja mserereko, watu waliocheleweshwa wakarushwa daraja walilokosa. Nilijaza karatasi za mserereko mpaka kidole kikaota sugu, kwa furaha. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza alipata ngapi kwenye OPRAS.

Yapo mageuzi yaliyobadilisha tabia, tena bila kumhubiria mtu maadili. Kuanzia 2017 malipo ya serikali yakahamia kwenye namba ya kumbukumbu, ile kontroli namba, mwananchi akalipia benki au kwa simu. Kabla ya hapo dirisha la mapato lilikuwa na ufalme wake. Aliyeshika kitabu cha stakabadhi alikuwa anaweza kwenda chai, kukosa chenji, kusema mtandao hakuna wakati mtandao haukuwepo kabisa tangu tuumbwe. Dirisha lile likafa kifo cha kimya. Watumishi wake walikuwa wale wale, mshahara ule ule, na baada ya mwaka walikuwa watu wapole. Vivyo hivyo maombi ya uhamisho yalipoingia kwenye mfumo wa mtumishi kujihudumia, ESS. Mwalimu aliyekuwa anapanda basi kuja kulala kwenye ngazi za jengo akisubiri kumwona afisa, sasa anaona kwenye simu ombi lake limekwama kwa nani. Afisa naye anajua kwamba mwalimu anaona. Hapo hukuhitaji watu wawili waambiane jambo gumu. Hali yenyewe ilibadilika, na watu wakaifuata.

Ndiyo maana PEPMIS, mfumo mpya wa tathmini, naitazama kwa macho mawili. Imechukua nafasi ya OPRAS kuanzia mwaka wa fedha 2023/24, kila kitu kidijitali, mtumishi anaingiza majukumu na kazi ndogo ndogo, msimamizi anathibitisha humo humo. Hongera zao, tarehe tatu kwa kalamu moja haziwezekani tena. Niliianza kidogo kabla sijaondoka, na vijana niliowaachia ofisi hunipigia simu. Wanasema ujuzi wa kuandika kazi umekuwa kazi. Kuna afisa anayeweza kugawa dokezo moja vipande sita, rasimu, mapitio, marekebisho, na wiki yake ikaonekana imejaa. Dada wa mapokezi anaandika kupokea wageni, wiki hii, wiki ijayo, na mfumo hauna pa kuandika kwamba alimshika mzee mkono akampeleka ghorofa ya tatu, akamsomea barua yake, akamrudisha hadi kwenye gari. Kijana mmoja aliniambia kwa uchungu kwamba mwenzake alikataa kumsaidia kuandaa taarifa ya Bunge, usiku, kwa sababu kazi hiyo ameingiziwa yeye na si mwenzake. Miaka yetu tulikuwa na dhambi nyingi, lakini taarifa ya Bunge ilikuwa ya ofisi nzima, chipsi zinaletwa, watu wanalala kwenye viti.

Kuhusu alama, wananiambia zimeanza tena kusogeleana. Wasimamizi wana watu wengi wa kuthibitisha na siku ya mwisho inakaribia, wanabofya. Sishangai. Namba bado inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na shikamoo bado inaamkiwa asubuhi.

Wangeniuliza, na kwa umri huu najua hawataniuliza, ningewaacha na alama zao nikashughulika na ile safu ya rasilimali ambayo mama mhandisi aliijaza kwa ukweli. Kila Desemba ningeitoa kwenye fomu za wizara nzima, bila jina la mtu, niijumlishe: gari ngapi ziliahidiwa na hazikutoka, mafuta kiasi gani, kompyuta ngapi, safari ngapi za ukaguzi zilizokufa. Karatasi hiyo iende kwa watu wa bajeti wakati makadirio bado yanaandaliwa, na Katibu Mkuu atakiwe kuandika majibu chini yake, kwa ushauri wake mwenyewe na saini yake, asiruhusiwe kuomba mwongozo.